Mbwa watano, kiroba cha dona hakifiki siku kumi. Wenye mbwa wengi mnaishije?

#1 Baba Tatu wa Goba
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja. Nilikuwa na mbwa wawili wa kienyeji, kiroba cha dona kilo 25 kinaenda mwezi na siku kadhaa juu, dagaa wa kuchanganyia nanunua kidogo kidogo sokoni, maisha yanaenda. Miezi michache nyuma jirani kahamishiwa Dodoma akaniachia chotara wa jemani (German Shepherd) watatu, wawili dume mmoja jike, walikuwa na miezi minne hivi. Nikasema fresh tu, sufuria ni ileile moto ni uleule, imeongezeka midomo tu. Sasa hivi kiroba kilekile kinakata siku ya tisa. Dagaa ndo usiseme. Na kinachoniudhi zaidi wale wakubwa wangu wa zamani mbavu zinahesabika.

Halafu muda. Natoka Posta nafika Goba saa mbili usiku foleni imenimaliza, hapo kuna kupika cha mbwa maana dada amesema waziwazi yeye kaajiriwa kwa ajili ya watoto, kuna kuwafungulia, kuokota vinyesi kwa tochi, kuangalia kupe. Jumapili yangu inaishia bandani, wife anasema nimeoa mke mwingine mwenye miguu ishirini.

Swali: hesabu inavuja wapi? Na nyie wa watano, sita, mnagawaje muda? Wale wa "uza wote" mpite kushoto.

#2 Kaa la Moto
Uza wote.

#3 Shangazi Pwani
#2 kaambiwa apite kushoto kakaa katikati ya barabara 😂 ngoja nivute kiti

#4 Hesabu Kali
Mleta uzi leta kalamu. Kilo 25 kwa siku 35 mbwa 2, ni gramu 350 na ushee kwa mbwa kwa siku. Mbwa 5 kwa kiwango hicho ni kilo 1.8 kwa siku, kiroba kinatakiwa kiishe siku ya 14. Chako kinaisha siku ya 9, yaani kilo 2.8 zinatoka stoo kila siku. Kilo moja nzima kwa siku haina maelezo. Kwa mwezi ni kilo 30, kiroba kizima na chenji. Hapo kuna mlaji wa sita.

#5 Mama Kulwa
#4 hesabu yako nzuri ila umewahesabu mbwa kama matofali. Wale wawili ni wa kienyeji, kilo 15 pengine, wazima, wanalala kutwa. Hawa watatu ni chotara wa jemani na ndo kwanza wanakua, mbwa anayekua anahitaji karibu mara mbili ya mtu mzima kwa kila kilo ya mwili wake, na akikomaa hapo ni kilo 30 kwenda juu. Hakuna mwizi hapo, kuna watoto wa sekondari wamehamia kwako.

#6 Hesabu Kali
Mama Kulwa sawa nimekuelewa, lakini sasa mbona wale wakubwa WAMEKONDA? Kama unga unaongezeka stoo inatoa zaidi, wakubwa wasingekonda. Bado namtafuta wa sita.

#7 Chalii wa Ngaramtoni
Oya, unawamwagia kwenye beseni moja au kila mtu na sahani yake? Maana mbwa hawana foleni. Wale madogo wakishakuwa na mwili wanamaliza, wazee wananusa tu wanaondoka na heshima zao. Mimi ninao wanne, kila mmoja na bakuli na mnyororo wake, umbali wasifikiane, robo saa bakuli naziondoa zote hata kama mtu hajamaliza. Wiki ya kwanza ni kelele, ya pili wamejua. Na muda unapungua maana husimami pale kama refa.

#8 Dokta wa Ng'ombe
Salamu. Mimi ni wa mifugo, nachangia haraka niko njiani.

Kwanza minyoo. Ulipowapokea hao watatu uliwapa dawa? Na wakubwa je? Ukiwapa watatu ukaacha wawili hujafanya kitu, wote siku moja, wakubwa kila miezi mitatu, watoto mara nyingi zaidi. Mbwa anakula anamaliza na bado mbavu, mara nyingi jibu liko tumboni.

Pili, dona peke yake na dagaa wa kunyunyizia kama chumvi ni kujaza tumbo tu. Mbwa anatafuta protini, asipoipata anaendelea kula unga. Ukipunguza unga ukaongeza dagaa, vichwa na miguu ya kuku, au mapafu yaliyochemshwa, jumla ya kilo inashuka. Chakula chenye nyama ya kutosha, mbwa mzima wa kilo 30 gramu 600 hadi 900 kwa siku kinatosha kwa kawaida, wewe unampa beseni kwa sababu beseni ni maji na ugali.

Nimesema yaliyochemshwa. Mapafu na maini mabichi ya machinjioni yenye malengelenge ya maji yanampa mbwa tegu ambayo mayai yake yakiingia kwa binadamu yanaota uvimbe kwenye ini. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali. Na makombo ya pilau yenye vitunguu vingi pia hapana, kitunguu kinaharibu damu ya mbwa.

#9 Wa Ruiru
Daktari hapo kwa mapafu umesema kweli, kule Turkana wanaujua huo ugonjwa vizuri sana. Mimi niko na sita, nanunua ile vumbi ya omena inabaki chini ya gunia na vichwa vya broila, unga nachukua ile ya kufagiliwa posho mill ama mahindi imeoza kidogo, bei iko chini sana. Kwa nini mtu anunulie mbwa unga grade one?

#10 Dokta wa Ng'ombe
Wa Ruiru hapo simama. Mahindi yaliyoota ukungu ndiyo yenye sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumia haraka kwa sumu hiyo, inakwenda kwenye ini. Kuchemsha hakuiondoi. 2016 huku kwetu Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi ya namna hiyo, na Kenya mnakumbuka 2004 huko Makueni na Kitui. Mbwa wanaokufa kwa hilo nani anawahesabu? Mtu anasema tu "alikondeana, macho yakawa njano, akaondoka", anasingiziwa jirani kuwa kamtegea sumu.

#11 Wa Ruiru
Sasa umenitia baridi. Mmoja alienda hivyo hivyo, macho manjano, na mimi niliwacha kusalimiana na jirani mpaka leo.

#12 Shangazi Pwani
Kamsalimie kesho asubuhi na mapema 😂😂

#13 Nilikuwa Dada
Nasoma kimya naona mnatafuta mlaji wa sita, basi niseme. Nimefanya kazi za ndani Mbezi nyumba yenye mbwa wanne. Tajiri alikuwa analeta dona safi, dagaa wa Mwanza wasafi hawana mchanga, vichwa vya kuku friza nzima. Sisi wa jikoni, mimi na kijana wa bustani, tulikuwa tunapimiwa unga wa sembe kwa kikombe na maharage yaleyale Jumatatu mpaka Jumatatu. Naamka saa kumi na moja nawapikia mbwa kwanza ndo nichemshe chai ya watoto, kwa hela ileile tuliyokubaliana kabla mbwa hawajaja. Unafikiri yule kijana alikuwa anakaanga dagaa wa nani? Simtetei mtu. Ila kabla hujaweka kufuli stoo angalia sahani za watu wako zikoje. Na dada yako aliyekataa kupika hajakosea, mbwa watano ni kazi ya mtu, inalipwa.

#14 Kaa la Moto
Dah. #13 amemaliza.

#15 Baba Tatu wa Goba
Nilikuwa kwenye daladala nimesoma yote. Dada #13 nimekuelewa ila kwangu tunakula sufuria moja wote, na dada hana hata ufunguo wa stoo, ninao mimi na wife. Beseni ndiyo ni moja, Chalii hapo umenishika. Minyoo hawa wadogo walipewa na jirani kabla hajaondoka alivyoniambia, wakubwa wangu sikumbuki ni lini. Sumukuvu sidhani, dona nachukua mashine ya mtaani nasaga mahindi ninayochagua mwenyewe.

#16 Mkaa Ghali
Wote mmeng'ang'ania unga, hakuna aliyeuliza anapikia nini. Mimi nilikaa chini nikajumlisha kila kitu cha mbwa wangu wanne, kilichoniua ni mkaa! Ugali wa mbwa wanne kila siku ni jiko linawaka saa nzima. Nikahamia kupika mara mbili kwa wiki sufuria kubwa la shughuli, napoza, nagawa kwenye vifuko vya siku moja moja naweka friza, asubuhi nautoa mmoja usiku umeyeyuka. Muda niliookoa ni mwingi kuliko hela. Na nimeacha ugali natumia chenga za mchele, zinaiva haraka.

#17 Mama Kulwa
#16 na LUKU ya friza umeijumlisha? Maana friza la mbwa peke yake nalo ni mtoto wa kusomesha. Mimi nakubali kupika kwa pamoja ila siku mbili tu, joto hili la Dar umeme ukikata usiku mmoja una sufuria la uvundo.

#18 Mkaa Ghali
Friza lipo la biashara ya barafu na juisi, mbwa ni abiria tu.

#19 Mzee wa Mapinga
Vijana mnapenda kujitesa. Ninao saba na mbuzi zizini. Mbwa wa ulinzi anakula mara moja, asubuhi, akitoka lindo. Ukimshibisha usiku analala kama mgeni wa harusi, mwizi anamruka. Asubuhi wanakula, wanafungiwa bandani kivulini kutwa, saa kumi na mbili jioni nafungua, basi. Vinyesi anaokota kijana wa mbuzi kwa sepeto anapofagia zizi, vinaenda shimoni. Banda sakafu ya saruji yenye mteremko, unamwaga ndoo ya maji inajisafisha. Aliyejenga banda la udongo ndiye anayepoteza Jumapili, na kupe wanazaliana kwenye zile nyufa.

#20 Chalii wa Ngaramtoni
Mzee heshima yako ila la kulala njaa sikubali. Mbwa mwenye njaa usiku ndo yule anayekula nyama yenye sumu anayorushiwa ukutani. Mtaa wetu nyumba mbili zililizwa hivyo hivyo. Mimi nagawa mara mbili, jioni kidogo.

#21 Mzee wa Mapinga
Mbwa aliyefunzwa hali cha mgeni, awe na njaa au ameshiba. Nyie mnafuga, hamfundishi.

#22 Kijana wa Tandika
Wapeni bangi kidogo na pilipili wanakua wakali, mwizi mwenyewe atahama mtaa

#23 Dokta wa Ng'ombe
#22 acha. Bangi inamlewesha mbwa anayumba na kujikojolea, huyo hata paka hamkamati. Pilipili inamuunguza tumbo unalipia matibabu. Hilo la asubuhi au jioni kila mtu ana imani yake, ila hao wanaokua wapewe mara mbili.

#24 Mkisauni
Asalaam aleikum. Mimi naishi na mmoja tu wa kulinda mbuzi na nyumba, kwa ruhusa ya dini maana mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda wanaruhusiwa. Lakini muda wangu mwingi unaishia kwa usafi, chombo akikiramba ni kuosha mara tatu na mchanga. Sasa watano mwaosheaje?

#25 Ustadhi wa Mtaa
Kisauni, ni mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafii. Wamaliki wao mbwa hai kwao si najisi. Dawa ya muda ni nyepesi tu, bakuli zake ziwe za banda, zisiingie jikoni kabisa, basi hutaosha mara saba maisha yako yote.

#26 Shangazi Pwani
Na mimi Mkristo naunga mkono bakuli za mbwa zisiingie jikoni 🙏

#27 Mbongo wa Berlin
Poleni wakuu, huku mimi ninao wawili tu na nalia. Huku mbwa analipiwa kodi kwa mwaka, wa kwanza yuro 120, kuanzia wa pili ni 180 kila mmoja. Umenielewa? Wa pili ni ghali kuliko wa kwanza, makusudi, ili mtu asijaze. Lazima na bima ya madhara, na kumtoa nje mara tatu kwa siku, theluji au mvua, na kifuko mkononi cha kuokotea. Baba Tatu wewe una geti na kiwanja, mshukuru Mungu. Nikiwaza watano hapa Berlin, kodi tu ni yuro 840 kabla hawajala.

#28 Hesabu Kali
120 na 180 mara nne, 840 kweli. Karibu kwenye chama cha kalamu.

#29 Kaa la Moto
Serikali isiuone huu uzi 😂

#30 Nyumba ya Ukuta
Mimi naona gharama ambayo haipo kwenye kiroba ni chanjo na dawa. Mimi changu ni wako ndani ya geti hawatoki hawahitaji chanjo, nimeokoa hapo. Hata wale simba wa Serengeti waliokufa kwa kichaa walikuwa porini huko wanazurura.

#31 Dokta wa Ng'ombe
Ndugu yangu #30, makosa mawili kwenye mstari mmoja. Simba wa Serengeti 1994 hawakufa kwa kichaa, ilikuwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, karibu theluthi ya simba wale waliondoka, na ugonjwa ulihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani na hifadhi. Ndiyo maana mbwa wa kule wakaanza kuchanjwa.

La pili, geti halizuii kichaa. Mbwa mgonjwa anapita mfereji wa maji, mbwa wako anatia pua chini ya geti. Na parvo (ule ugonjwa wa kuhara damu) haihitaji hata mbwa, inaingia na viatu vyako kutoka mtaani, inakaa kwenye udongo miezi. Sasa hapo ndipo ilipo hesabu ya mbwa wengi: kwa mmoja ni ugonjwa, kwa watano ni msururu, dripu leo huyu, kesho yule, unaomba ruhusa kazini wiki nzima. Chanjo ya kichaa ni mara moja kwa mwaka, na zinakuja kampeni za bure hasa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa duniani, ulizia ofisi ya mifugo ya kata. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 hapohapo, kisha hospitali bila kungoja kuona mbwa atafanyaje. Dalili zikishatokea kwa binadamu hakuna tiba. Sindano zenyewe ni kadhaa, za siku tofauti, na sehemu nyingi unalipia. Linganisha na hiyo chanjo uliyoiokoa.

#32 Nyumba ya Ukuta
Sawa daktari nimesikia. Ila ungeniambia kwa upole.

#33 Mama Kulwa
Kaambiwa kwa upole huyo, hujamwona akiwa na ng'ombe.

Baba Tatu swali: yule jike wa wale watatu ana miezi mingapi sasa? Na dume zipo ngapi hapo kwako jumla?

#34 Baba Tatu wa Goba
Jike anakaribia tisa. Dume watatu, mmoja mzee wangu na wale wawili.

#35 Mama Kulwa
Basi acha kuhesabu dona anza kuhesabu siku. Akiingia joto ni saa yoyote kuanzia sasa, mimba ni siku 63 hivi, na mmoja anazaa sita mpaka nane bila kukuuliza. Na dume wa ndugu hawaulizani undugu. Hapo utafungua uzi mwingine wa mbwa kumi na mbili. Mfunge kizazi, ni hela mara moja. Dume pia wakihasiwa mara nyingi wanapunguza kupigana na kuruka ukuta, na wanaepuka ile kansa ya sehemu za siri wanayoambukizana wakipandana.

#36 Mzee wa Mapinga
Dume aliyehasiwa halindi.

#37 Dokta wa Ng'ombe
Analinda mzee. Anachoacha ni kufuata majike ya mtaa wa pili usiku ukiwa umeibiwa.

#38 Mzee wa Mapinga
Yangu macho.

#39 Fundi Stoo
Nimechelewa. Wote mmesahau PANYA. Kiroba kikiwa wazi stoo, panya na mchwa wanakula kimyakimya, ndiyo hiyo kilo yako. Geuza kiroba uangalie chini, utaona kitobo. Tafuta pipa la plastiki lenye mfuniko.

#40 Kijana wa Tandika
Mbwa watano na panya wanaiba unga 😂😂 wafukuze hao mbwa chukua wale panya wa SUA Morogoro wanaonusa mabomu na kifua kikuu, mshahara wao ni ndizi na karanga tu

#41 Wa Ruiru
Hizo panya zingekuwa Kenya zingeshaomba allowance.

#42 Baba Tatu wa Goba
Mrejesho wakuu, asanteni wote. Nilichofanya: pipa lenye mfuniko nimenunua, na ndiyo kiroba kilikuwa na kitobo upande wa ukutani lakini kidogo, sijui ni cha panya au kimechanika wakati wa kubeba. Bakuli tano, minyororo. Dawa ya minyoo wote siku moja, yule mzee wangu alitoa mambo siwezi kuyaandika hapa watu wanakula. Nimepunguza dona nimeongeza miguu ya kuku. Na dada tumekaa tukaongea, anapika Jumatano na Jumamosi kwa nyongeza ya mshahara, mimi nagawa tu nikirudi. Kiroba sasa kina siku ya kumi na moja na bado kipo, kimebaki chini ya nusu.

#43 Chalii wa Ngaramtoni
Bakuli hizo. Nilisema.

#44 Fundi Stoo
Pipa.

#45 Dokta wa Ng'ombe
Minyoo na protini, mbona iko wazi.

#46 Hesabu Kali
Mleta uzi umebadilisha vitu vitano wiki moja, sasa tutajuaje kipi kilikuwa kinavuja? Rudisha kimoja kimoja. Anza na beseni.

#47 Nilikuwa Dada
Au ni yule anayepika sasa analipwa, anapima unga kwa kikombe wakati wewe ulikuwa unamwaga kwa mkono saa tatu usiku ukisinzia.

#48 Mkaa Ghali
Na miguu ya kuku nayo ina bei, tuletee jumla ya hela usituletee jumla ya kilo. Kiroba kinaweza kudumu mwezi na bado umetumia zaidi.

#49 Baba Tatu wa Goba
Mkaa hapo umenipeleka kwenye risiti, nitajumlisha mwisho wa mwezi. Wife anasema hela ni ileile ila mbwa wamependeza.

#50 Mpita Njia Kibaha
Habari wakuu, mleta uzi nimeona una chotara wa jemani watatu, hivi unauza? Nahitaji wawili wa haraka, dume na jike.

#51 Shangazi Pwani
Soma #35 kwanza halafu urudi useme bado unataka dume NA jike.